Nyonga Kabla Upepo Haujageuka: Mwongozo wa Baiskeli Homa Bay na Migori

Ukitaka kuijua nchi ya kusini mwa Nyanza kwa baiskeli, weka kando kwanza hesabu ya kilomita. Kutoka mjini Homa Bay hadi Mbita ni kama kilomita 40 za lami, mwendo ambao mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaumaliza kabla ya chai ya saa nne. Lakini kilomita hizo hizo ukizianza saa nane mchana ni safari nyingine kabisa. Upepo unatoka ziwani na kukupiga kifuani, lami inakurudishia joto usoni, na maji uliyodhani yatakufikisha yamekwisha nusu ya njia. Kinachoamua safari hapa ni saa: saa ya upepo, saa ya matrekta ya miwa, saa ya mvua ya upande wa Kisii, saa ya giza. Nimeupanga mwongozo huu kwa kuzifuata saa hizo, maana ndizo zinazoamua utafikaje.

Wapenzi wa baiskeli wa Ulaya wana njia zao maarufu, kama bonde la Loire kule Ufaransa, mizabibu pande zote na kijiji kila baada ya mwendo mfupi. Huku hakuna mizabibu. Kuna miwa kuanzia Rongo na Awendo hadi Ndhiwa, kuna tumbaku na mahindi Uriri na Kuria, kuna mto Kuja unaoteremka kutoka nyanda za Kisii na Nyamira hadi Nyatike, na kuna vijiji vya wavuvi kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Waliokuwa wakisema barabara zetu za Afrika hazifai kwa mchezo huu hawana tena la kusema.

Upepo wa ziwa

Uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Kutoka hapo nchi inapanda hadi Rongo na Oyugis, kisha inaikuta milima ya Kisii. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo alfajiri hewa huteremka kuelekea ziwani. Jua likishapanda mambo hugeuka: ardhi hupata moto, hewa yake hupaa, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi. Katika Ghuba ya Winam upepo huo wa mchana huvuma kutoka magharibi na kuipanda ghuba kuelekea Kisumu. Wavuvi wa mashua za tanga wameutegemea vizazi na vizazi, na wewe uutegemee vivyo hivyo. Asubuhi nyonga kuelekea magharibi. Alasiri rudi mashariki.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Kwenda Mbita, ondoka Homa Bay saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga unapoanza kutosha. Ukirudi siku hiyo hiyo au kesho yake, ondoka Mbita baada ya saa tisa, jua likiwa limelegea na upepo uko mgongoni. Angalia jambo moja tu: saa hizo za alasiri madereva wanaokuja mbele yako wanalitazama jua machoni, na anayejaribu kulipita gari lingine huenda asikuone kabisa. Vaa kizibao cha kung'aa hata kama ni mchana mweupe, na uwe tayari kutoka pembeni.

Hewa ya ziwani yenye unyevu ikifika kwenye milima ya Kisii hugeuka mawingu. Ndiyo sababu mvua ya radi, mara nyingine na mawe, hunyesha alasiri upande wa Oyugis na Rongo hata siku ambayo Homa Bay kumekauka. Maliza kazi ya huko juu kabla ya saa nane. Radi ikianza kunguruma, ingia dukani au kwenye veranda ya shule. Usisimame chini ya mti, na usiendelee kunyonga juu ya kilima kilicho wazi.

Kuhusu misimu, mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari kunakuwa kukavu lakini joto ni kali, hasa Nyatike na bonde la Lambwe. Mimi ningechagua Juni na Julai: mashamba bado ni ya kijani, hewa imepoa, na barabara za udongo zimekauka kiasi cha kupitika.

Baiskeli, tairi na fundi

Baiskeli ya barabarani yenye tairi nyembamba inatosha ikiwa hutaiacha lami. Lakini sehemu nzuri zaidi za nchi hii ziko nje ya lami: ufuo wa wavuvi, kinu cha sukari nguru, kuta za mawe za Thimlich. Weka tairi za milimita 32 au pana zaidi. Miiba ya migunga ni mingi Lambwe, Karungu na Nyatike kote, kwa sababu watu huikata kujenga maboma ya mifugo na kuiburuta wakivuka barabara. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, gundi, vijiti vya kutolea tairi na pampu yako mwenyewe.

Pampu yako mwenyewe nasisitiza, na sababu ni hii. Fundi wa baiskeli yuko karibu kila senta, chini ya mti au pembeni ya duka la mbolea, na wengi ni mahodari kwelikweli: watakunyoosha rimu, watakaza spoku, wataunganisha mnyororo uliokatika. Lakini vifaa vyao ni vya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma iliyobeba unga, samaki na abiria wa Nyanza miaka mingi kabla ya pikipiki. Pampu zao nyingi hazishiki valvu nyembamba za baiskeli za kisasa za mashindano. Nunua mjini kile kidude kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba kuwa ya kawaida, ukifunge kabisa kwenye gurudumu kabla hujaondoka. Jihadhari pia na tairi ya inchi 28 utakayouziwa. Ile ya Black Mamba si sawa na ya baiskeli ya mashindano ingawa kwa maneno zote zinaitwa 28. Rimu zake ni kubwa zaidi, na tairi haitakaa.

Gia nyepesi utazihitaji. Kutoka ziwani hadi Rongo unapanda karibu mita 300, na ingawa si mlima wa kutisha, unapandwa juani.

Maji yapimwe kwa joto. Nusu lita kwa saa asubuhi, karibu lita nzima kwa saa mchana. Chupa za dukani zinapatikana kila senta, kwa hiyo hakuna sababu ya kunywa ya mtoni wala ya ziwani. Usioge wala kunawa miguu ufuoni vilevile: kichocho kipo ziwani, na minyoo yake hupenya ngozi bila wewe kusikia chochote. Malaria ipo mwaka mzima katika kaunti hizi mbili, basi ongea na daktari kuhusu dawa ya kinga kama unatoka sehemu isiyo na malaria, na usilale mahali pasipo chandarua.

Oyugis, Kendu Bay na Simbi

Anayetoka Nairobi au Kisumu namshauri aanzie Oyugis, kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kisii. Matatu na mabasi huchukua baiskeli juu ya keria au kwenye buti. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa, na uifunge mwenyewe, upande wa mnyororo ukiwa juu.

Kutoka Oyugis njia ya Kendu Bay ni mteremko mrefu wenye ziwa mbele yako. Kabondo na Kasipul ni nchi ya viazi vitamu, na vya kuchemsha vinauzwa kando ya njia. Weka viwili mfukoni. Havipondeki upesi na vinashibisha kuliko biskuti. Karibu na Kendu Bay pita Simbi Nyaima, ziwa dogo la volkeno lenye maji ya chumvi na rangi ya kijani. Linazungukika kwa miguu, na flamingo hulitembelea. Wenyeji wanasimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji kilichomnyima bibi kizee chakula na mahali pa kulala, isipokuwa mama mmoja aliyempokea, na usiku huo kijiji kikazama kwa mvua. Hadithi hii waulize wazee. Kila mmoja anaisimulia kwa namna yake, na watafurahi kuulizwa.

Kendu Bay yenyewe ni bandari ya zamani, ina gati na msikiti wa siku nyingi. Kanyadhiang, ambako ukoo wa Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, ulikuwa kabla yeye hajahamia Kogelo, hapako mbali. Kutoka Kendu Bay hadi Homa Bay ni kama kilomita 30, lami, barabara ya kupanda na kushuka, Mlima Homa ukiwa upande wako wa kulia. Rasi iliyo nyuma ya mlima huo ndiyo yenye Nyayanga, ambako watafiti walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Njia za rasini ni za udongo na mawe. Ziweke kwa siku ambayo huna haraka.

Mbita na Rusinga

Hii ndiyo safari ambayo ningemwambia mtu aifanye kama ana siku moja tu. Lami ya Homa Bay hadi Mbita inapita kati ya vilima vya Gembe na ghuba, magari si mengi alfajiri, na ziwa linajitokeza mara kwa mara upande wa kulia. Utakutana na akina mama wanaotoka ufuoni na beseni za samaki, ngege na mbuta, na watoto wa shule watakaokukimbilia wakipiga kelele za furaha. Punguza mwendo kwa watoto hao. Wengine hujaribu kushika kiti cha nyuma, na wakianguka kosa litakuwa lako wewe mwenye gurudumu.

Mbita kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kutoka mjini unavuka daraja hadi Rusinga. Zamani palikuwa na tuta la mawe na udongo lililoziba mkondo wa maji. Sasa maji yanapita chini, na wavuvi wanapita na mashua zao.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 16 hivi, na barabara inakizunguka, kwa hiyo hupotei. Zunguka taratibu. Kule Kasawanga kuna kaburi la Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Jengo juu ya kaburi limejengwa kwa umbo la risasi, na ndani mna picha na vitu vyake. Ingia. Vua kofia ya baiskeli, salimu anayekupokea, toa mchango kama unaombwa. Wanafunzi wengi waliosafirishwa kwenda Marekani kwa juhudi zake kuanzia mwaka 1959 walirudi kuijenga serikali na vyuo vya Kenya huru, na kijana anayesoma jina lake kwenye barabara ya Nairobi afadhali alione na kaburi lake. Ni kisiwa hiki hiki ambako Mary Leakey mwaka 1948 alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi hapa takriban miaka milioni 18 iliyopita.

Kwenye fuo za Rusinga ndiko utakakoiona omena, wale samaki wadogo, inavyotoka. Wavuvi huivua usiku kwa taa, usiku usio na mbalamwezi ndio bora, na alfajiri huiteremsha na kuianika juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Ukifika kati ya saa moja na saa tatu asubuhi utakuta kazi imepamba moto. Shuka kwenye baiskeli, isukume. Usipite juu ya nyavu hata pale panapoonekana patupu, kwa maana tairi ikipita tu mama wa watu amepoteza mauzo ya siku. Kabla ya kupiga picha, amkia na uombe ruhusa. Ukipenda kula, vibanda vya ufuoni vitakupikia ngege wa kuchemsha kwa ugali na mboga ya osuga. Kaa, ule vizuri, kisha upumzike chini ya mti hadi upepo ugeuke.

Kutoka Mbita kuna anayetaka kuendelea kusini kupitia Sindo na Magunga hadi Sori, kandokando ya ziwa wazi. Ni njia ya kupendeza mno, lakini ina vipande vilivyokuwa kwenye ujenzi kwa muda mrefu. Waulize madereva wa matatu pale Mbita asubuhi hiyo hiyo. Wao wanajua kila kipande kilivyo leo. Huko upepo wa mchana unakupiga ubavuni, si mbele, na kwenye mabonde unaweza kukusukuma ghafla katikati ya barabara.

Neno moja kuhusu bonde la Lambwe na Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Hifadhi hiyo ya kilomita za mraba 120 ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma. Itembelee kwa gari, kwa kuwa mna nyati na chui. Kwenye barabara za kandokando yake mbung'o bado wapo. Wadudu hawa hufuata kitu kinachotembea, na hupendelea rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Karibu jezi zote za baiskeli ni nyeusi au za buluu! Siku ya Lambwe vaa nyeupe au kaki, mikono mirefu.

Thimlich Ohinga na mto Kuja

Lami ya kutoka Rodi Kopany kupitia Ndhiwa hadi Sori ni njia ya watu wenye subira: mawimbi ya vilima, jua, senta moja baada ya nyingine. Ndhiwa ni nchi ya Kanyamwa, alikotoka mganga Gor Mahia ambaye jina lake lilipewa klabu ya soka mwaka 1968. Mtaje tu kwenye kibanda cha chai na utapata mazungumzo ya saa nzima.

Thimlich Ohinga iko upande wa Nyatike, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Ni maboma manne ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kuta zenye kimo cha mita moja na nusu hadi nne na nusu na unene wa karibu mita moja, zilizojengwa yapata karne ya 16. Milango imefanywa mifupi makusudi, ili mgeni ainame kabla ya kuingia na mwenye boma amwone vizuri kwanza. Mwombe mwongozaji wa Makumbusho ya Taifa akutembeze, na usipande juu ya kuta. Hakuna kinachoyashika mawe hayo ila mpangilio wake.

Njia ya kufika ni ya udongo, na sehemu kubwa ya nchi hiyo ina udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi masika. Ukinyeshewa humo magurudumu yatakataa kuzunguka baada ya mita ishirini. Beba baiskeli begani hadi kwenye changarawe, kwangua udongo kwa kijiti, na usilazimishe gia.

Karibu na Macalder utaona mashimo ya wachimba dhahabu. Mgodi wa wakoloni ulichimba shaba na dhahabu hapa, na bwawa dogo la umeme la Gogo kwenye mto Kuja lilijengwa miaka ya 1950 kuuhudumia. Leo linaendelea kuzalisha umeme wa taifa. Wachimbaji wadogo bado wapo wengi. Usiache njia ukakatiza vichakani, kwa kuwa mashimo mengine hayana uzio. Dhahabu huoshwa kwa zebaki kwenye vijito vya hapo, basi usiyatumie maji yake hata kunawia uso.

Chini zaidi Kuja hukutana na mto Migori na kupita kwenye tambarare hadi ziwani. Huku kuna vijiji vya kando ya mto vyenye mashamba ya mpunga, mahindi na mboga, na mvua kubwa ya Kisii ikinyesha mto huvunja kingo na kuwafukuza watu majumbani mwao. Masika usiende. Kiangazi nenda, lakini uliza palipo na viboko kabla ya kuketi ukingoni. Faida ya njia hii ni kwamba ukitoka ziwani kuelekea mji wa Migori alasiri, unapanda huku upepo ukikusukuma.

Nchi ya miwa

Migori hadi Rongo kupitia Uriri na Awendo ni kama kilomita 40 kwenye barabara kuu ya kutoka Isebania, mpakani na Tanzania. Barabara hii ilifanyiwa ukarabati mkubwa, kutoka Isebania hadi Ahero, na lami yake ni laini. Ni ya malori makubwa pia. Kaa kwenye ukingo wa lami palipo na nafasi, na alfajiri ya Jumapili ndiyo bora kuliko zote.

Lakini uzuri uko kwenye barabara ndogo zinazoingia mashambani kutoka Awendo, penye kiwanda cha Sony kilichoanza kusaga miwa mwaka 1979. Mua hapa huchukua mwaka na nusu au zaidi kukomaa, na ukishakomaa unakuwa ukuta mrefu kuliko mtu, kulia na kushoto. Ndani ya kuta hizo hakuna upepo, joto hukaa. Huoni kona, na ng'ombe au mtoto anaweza kutokea ghafla. Piga kengele kila unapokaribia mapito, na uwe na kengele ya kweli, si ya mapambo.

Msimu wa uvunaji matrekta huvuta trela mbili zilizojaa hadi juu. Mambo matatu yanatokea. Miwa huanguka barabarani, na kipande kimoja chini ya tairi la mbele kinatosha kukuangusha. Magurudumu ya trekta hutoa tope shambani na kulimwaga mahali pa kuingilia lami, utelezi wake ni mbaya kuliko barafu. Tena trela huyumba, hasa zikiteremka. Vijana wengine hushika trela ya nyuma wavutwe kupanda mlima. Usifanye hivyo hata ukiwa hoi kiasi gani, na ukimwona mtoto anachomoa mua kwenye trela inayotembea, mwambie ashuke.

Pita kwenye kinu cha sukari nguru. Utakitambua kwa moshi na harufu tamu. Maji ya miwa huchemshwa kwenye masufuria mapana, moto ukiwashwa kwa makapi ya miwa yaleyale, hadi yanapokuwa uji mzito na kumiminwa kwenye vibao. Nunua kipande, kivunje vidogo, kifunge kwenye karatasi. Kwa mwendeshaji hiki ni chakula bora kuliko vijipakiti vya sukari vya bei ghali vinavyouzwa Nairobi, hasa ukikila pamoja na njugu karanga za Ndhiwa zenye chumvi kidogo.

Uriri na Kuria utaona mabanda marefu ya kukaushia tumbaku, na vilima vilivyoishiwa miti kwa ajili ya kuni za mabanda hayo. Mwaka 2022 mashirika ya WHO, FAO na WFP pamoja na serikali walianza Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kupanda maharage yenye madini mengi ya chuma. Ongea na wakulima kuhusu hesabu yao ya pembejeo na malipo. Ni mazungumzo yatakayokufunza mengi. Kutoka Migori kwenda Isebania barabara inapanda, na ukitaka kuvuka hadi Sirari na Tarime, beba hati yako ya kusafiria.

Funga mzunguko kwa kuteremka kutoka Rongo hadi Homa Bay, karibu kilomita 30, asubuhi na mapema. Alasiri mteremko huo huo unapigana na upepo, na ni dhuluma kwa mtu kunyonga akiteremka.

Watu na barabara

Salimu kwa Kijaluo. "Oyawore" asubuhi, "misawa" saa nyingine, na "erokamano" ukisaidiwa. Mzee wa Kijaluo mwite jaduong', mama yeyote mwenye umri wa mamako mwite mama, na kijana wa rika lako omera. Mjini Migori na Isebania Kiswahili kinatosha kabisa. Ukiuliza njia usiulize kilomita, utaambiwa "hapo tu". Uliza pikipiki inatumia dakika ngapi, na shule au kanisa linalofuata linaitwaje.

Probox ndilo gari la kuangalia zaidi. Hubeba watu kupita kiasi na husimama ghafla popote abiria anapopunga mkono, bila taa ya kuashiria. Likikupita tu, shika breki. Ng'ombe wapite mbele yako, usiwakatize.

Andika kwenye karatasi majina ya hospitali za njia yako: ya rufaa Homa Bay, ya rufaa Migori, Mtakatifu Yosefu Ombo mjini Migori, Mtakatifu Kamili kule Karungu. Kati ya Sindo na Thimlich mtandao wa simu hukatika mabondeni, basi mwambie mtu saa unayotarajia kufika.

Na saa kumi na mbili jioni iwe mwisho wako, popote ulipo. Jua huku huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, giza huingia ndani ya nusu saa, na trela nyingi za miwa hazina taa nyuma. Ukikutwa njiani, pandisha baiskeli juu ya matatu na ulipe nauli.